Nani Kawazima Akina Lumley

Benchi letu lilikuwa la kanisani. Parokia iliponunua mabenchi mapya, hili la zamani nililibeba mimi nikaliweka nje ya duka langu la kinyozi hapa Broadway, upande wa mashariki wa Buffalo, na ubao wake wa kupigia magoti bado upo, kwa hiyo wanaokuja kupiga domo huweka viatu pale pale wazazi wao walipotubia. Jina langu Walenty, ila mtaani naitwa Wembe. Kahawa natoa mimi, na asubuhi ile ya Jumamosi Kuu ilikuwa nyeusi, haina maziwa wala sukari, maana Kwaresima ilikuwa haijaisha mpaka kengele za saa sita mchana. Wanawake walikuwa wanapita na vikapu vya mayai, soseji na mwanakondoo aliyechongwa kwa siagi, wanavipeleka kubarikiwa. Wanaume, kama kawaida, walikuwa hawapeleki kitu popote.

Aliyefungua kikao ni Stanisław Pietrucha. Huyu aliwahi kuitwa mahakamani siku moja kuwa mzee wa baraza, kesi ikaahirishwa kabla hajaketi vizuri, na tangu siku hiyo ni Jaji.

Jaji: Shauri ni moja tu. Kipindi cha Akina Lumley kimeondolewa redioni. Nani kakiua?

Waya: Kahawa kwanza, Jaji.

Jaji: Kitu hakina maziwa, hakina sukari, wewe unakiita kahawa? Hicho ni kielelezo.

Waya ni Ignac Wróbel. Alivuta nyaya za simu kiangazi kimoja, akaanguka kutoka kwenye nguzo, na kilichobaki kichwani mwake anakiita ufundi. Wa tatu alikuwa Bronisław Gąsior, anayepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili na kukitikisa mbele yako ukichelewa. Huyo ni Askofu, ingawa nguo yake ya kazi ni ovaroli ya kiwanda cha bia.

Malec: Treni yake inaingia saa tano.

Na huyo wa nne ni Teofil Malec. Aliunganisha mabehewa maisha yake yote pale reli, akastaafu na vidole vinane. Hana jina la utani, kwa sababu watu humpa jina la utani mtu anayesema sema, na Malec akisema neno leo, la pili usilitegemee kabla ya Alhamisi. Aliyekuwa anakuja na treni ni binti yake, Jadwiga. Na Jadwiga ndiye aliyekuwa Mabel Lumley.

Kwa ambaye hakuwahi kukisikia kile kipindi, na sasa hatakisikia tena, kilikuwa hivi: Mabel na mumewe Chester wamepanga chumba juu ya duka la majeneza. Chini kila siku kuna wafiwa. Kwa hiyo wale wawili wanagombana kwa kunong'ona. Chester anaunguza suruali, Mabel anamfokea kwa kunong'ona. Sufuria linaanguka, wote wawili wanaliomba radhi kwa kunong'ona. Ukisimuliwa hivi huoni cha kuchekesha, najua. Lakini Jadwiga alikuwa na namna ya kunong'ona kwa hasira mpaka unajishika mbavu. Kilianza majira ya mapukutiko, kikakatwa katikati ya Kwaresima, yaani hakikumaliza hata msimu.

Malec: Kanipigia simu juzi. Anasema, baba, nadhani nirudi tu kiwanda cha kofia. Nikamwambia usirudi. Akaniuliza kwa nini nisirudi. Nikakosa la kumjibu.

Kwa Malec hiyo ilikuwa hotuba.

Malec: Nataka kujua kitu kimoja. Kama kosa ni lake. Kama hachekeshi, basi, ashone kofia. Lakini kama si yeye, nimwambie apande treni arudi New York. Ninyi mna maneno. Nipeni neno la kumwambia.

Hapo alikuwa amewapa watu wale watatu ruhusa ambayo hakuna mtu mwenye akili angewapa.

Askofu: Mimi nakwambia, ni wanga. Yule mwenye kiwanda cha wanga wa kupigia nguo pasi ndiye aliyekuwa analipia kipindi. Sasa wake zetu walivyompenda Jadwiga, walinunua wanga kama wendawazimu. Mke wangu katia wanga mashati, katia mapazia, katia mito ya kulalia. Nikilala shavu linalia kwaa. Mwenye kiwanda akaona hawa wamenunua wanga wa miaka kumi, niwatangazie tena wa nini? Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Malec: Kwa hiyo si yeye.

Askofu: Ni mito, Teofil. Laumu mito.

Waya: Acha zako, Askofu. Unajua wanga, hujui mawimbi. Hebu nisikilizeni mimi niliyepanda nguzo.

Jaji: Na ukashuka bila ngazi.

Waya: Nilishuka, ndiyo, lakini nilishuka na elimu. Sauti ya redio inatoka New York inakuja huku. Sauti nzito, kama ya yule bwana wa taarifa ya habari, inakuja moja kwa moja, puu, ndani ya sanduku lako. Sauti ya kunong'ona ni nyepesi. Ikifika hapa Buffalo inakuta ziwa. Ziwa mwezi wa tatu limeganda. Sauti nyepesi ikigusa barafu inafanyaje?

Askofu: Inafanyaje?

Waya: Inateleza! Inavuka ziwa lote inaangukia Kanada. Kanada nzima ilikuwa inacheka bure, na wanga hawanunui, maana wao wana wa kwao. Asiyekuwepo na lake halipo.

Jaji: Huo msemo umeuweka wapi hapo?

Waya: Kanada hawakuwepo. Hawapo hapa. Unaona?

Jaji: Sioni.

Waya: Ndiyo maana nasema ni mambo ya ufundi.

Malec: Lakini huku tulisikia.

Waya: Baadhi ya maneno. Mengine yalikuwa Toronto.

Nikawaongezea kahawa. Mtu akinisikia nawasimulia hivi atadhani nawadharau. Siwadharau. Nimewanyoa miaka mingi na vichwa vyao navijua kwa nje. Ya ndani sijawahi kutafuta.

Jaji alikuwa amefumba macho muda wote huo, kama wanavyofanya mahakimu na watu wenye usingizi.

Jaji: Mmemaliza? Sasa sikilizeni kesi yenyewe. Kipindi kinahusu nini? Majeneza. Watu wakawa wanacheka kuhusu majeneza. Mtu anayecheka jeneza hawezi tena kuliogopa. Asipoliogopa, akifiwa, ananunua lile la mbao laini, la bei ndogo, hana habari na vishikio vya shaba. Watengeneza majeneza wa nchi nzima wakakutana.

Askofu: Wapi?

Jaji: Chicago. Mambo yote ya namna hiyo hukutaniwa Chicago. Wakasema huyu mwanamke anatumaliza. Wakaenda kwa mwenye redio, wakampima.

Waya: Wakampima nini?

Jaji: Urefu.

Askofu akafanya ishara ya msalaba.

Jaji: Mtu akija ofisini kwako na futi ya fundi, akakupima toka utosini hadi kisigino, akaandika, akaondoka bila kusema neno, wewe utaendelea na kipindi?

Askofu: Siendelei.

Jaji: Basi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Waya: Bado hujanijibu watu wanaocheka mle redioni ni akina nani. Kuna kibao kinawaka, cheka, nao wanacheka. Nasikia ni watu wale wale wa vipindi vyote. Sasa kwa Jadwiga walikuwa wanacheka mno, wanafika kwenye kipindi kinachofuata wamekwisha, hawana pumzi. Chama chao kikagoma.

Askofu: Wachekaji wana chama?

Waya: Tena kina bendera.

Jaji: Uongo. Siku ya mwisho walicheka sawasawa, pale bata bukini wa Chester alipoponyoka akateremka chini akaingia kwenye jeneza, na Mabel akawa anamwita kwa kunong'ona, na wafiwa wanadhani ni marehemu anaitwa...

Hapo Jaji akajishika mdomo, lakini bata alikuwa ameshatoka.

Inabidi nieleze. Kwaresima ilipoanza, Askofu alisimama kwenye mkutano wa wanaume wa parokia akasema mwaka huu tusijinyime peremende kama watoto wa komunyo, tujinyime kitu kinachouma. Tujinyime vichekesho vya redio mpaka Pasaka. Akasema atakayekubali anyooshe mkono. Kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya jirani zako, ni nani atakayebaki na mkono mfukoni? Wote walinyoosha. Hata Malec alinyoosha, wa mwisho, mkono wenye vidole vitatu. Mimi siku ile nilikuwa naumwa jino sikwenda.

Askofu: Jaji. Bata aliingia kwenye jeneza Kwaresima.

Jaji: Aliingia?

Askofu: Kwaresima katikati. Umejuaje?

Jaji: Nilisikia ukutani. Nyumba yangu na ya Waya zinagusana. Ukuta ule ni karatasi.

Waya: Mimi? Mimi redio yangu niliigeuza ikatazama kona! Kama ulisikia kitu ni cha Askofu kilichopita kwangu, maana mimi mwenyewe nilikisikia kutoka kwake.

Askofu: Mimi ndiye niliyeleta nadhiri yenyewe! Mimi nilisikia bila kukusudia, kupitia dari, kutoka kwa Jaji anayekaa juu yangu.

Nikatafakari. Jaji alimsikia Waya, Waya alimsikia Askofu, Askofu alimsikia Jaji. Redio yenyewe haikuwa ya mtu.

Malec: Mlicheka?

Hapo teksi ikasimama mbele yetu.

Jadwiga akashuka na sanduku moja na koti la rangi ya divai ambalo Broadway yetu haijawahi kuliona. Sauti yake ndiyo ile ile, ila mwili wake mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Redio humnenepesha mtu.

Jadwiga: Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi wote: Milele na milele, amina.

Malec akasimama akamshika binti yake kwa mikono miwili, akaupokea mzigo, akauweka chini, akauchukua tena. Hakujua aufanyie nini.

Jaji: Karibu nyumbani, binti. Tulikuwa hapa hapa tunashughulikia kesi yako.

Jadwiga: Kesi gani, mjomba?

Jaji: Ya nani kawaua Akina Lumley. Tumefika kwa watengeneza majeneza.

Waya: Na Kanada.

Jadwiga akacheka, lakini kicheko cha adabu, kile cha kumpa mtu mzima. Akakaa pembeni mwa baba yake, nikamletea kikombe.

Jadwiga: Hakuna aliyeua, wajomba. Mambo ni mepesi kuliko hivyo. Kuna akina dada kazi yao ni kupiga simu majumbani. Kipindi kikiwa hewani, wanakupigia wanauliza: samahani, redio yako imewashwa? Unasikiliza nini? Kila mji mkubwa wanapiga. Wakimaliza wanajumlisha, na mwenye wanga anaambiwa watu wangapi wanakusikiliza.

Waya akashusha kikombe taratibu mpaka kwenye goti.

Askofu: Hao akina dada... wanakuwaje? Sauti zao.

Jadwiga: Za kawaida tu, mjomba. Za upole.

Askofu: Upole wa namna gani? Kama wa sista?

Jadwiga: Huenda. Wanafundishwa kuongea vizuri. Kwani?

Askofu: Nauliza tu.

Mimi nilijua kwa nini anauliza. Kiti cha kinyozi ni ndugu yake kitubio, tofauti ni kwamba mimi sitoi msamaha. Kwaresima yote, mmoja baada ya mwingine, walikaa kwenye kiti changu na povu kidevuni wakaniambia jambo lile lile kwa kujigamba: kwamba parokia inapiga simu usiku kukagua nadhiri, kwamba sista mmoja mwenye sauti laini anauliza redio imewashwa au haijawashwa, na kwamba yeye, huyo anayenisimulia, alimjibu bila kusita, Sista, kwangu redio ni kimya kama kaburi. Jaji alijibu hivyo. Waya alijibu hivyo, na akaongeza rozari. Askofu alimwambia atamke naye sala moja, yule dada akakata simu. Walinisimulia na wateja wengine, mtaa huu na ule wa pili. Mimi sina simu, kwa hiyo nilibaki mwaminifu bila gharama.

Jadwiga: Mwenye wanga alikuwa tayari kutuongezea muda, miji mingine haikuwa mibaya. Ndipo wakamletea habari za Buffalo. Wiki zote za mwisho, mji mzima, mtu mmoja tu alisema anasikiliza. Mtu mmoja. Mwenye wanga akasema, kama hata kwao hawamsikilizi, mimi ni nani nimsikilize?

Hapo ndipo kila mmoja wao alikuwa na nafasi. Ilikuwa ni kusema tu, binti, tulikusikiliza. Nilimtazama Waya akifungua mdomo, nikamtazama akiufunga. Jaji, anayeweza kuhutubia saa nzima juu ya kamba ya kiatu, alikuwa anaitazama kamba ya kiatu.

Jadwiga: Msione vibaya, wajomba. Siwalaumu. Kitu kama hakichekeshi hakichekeshi, huwezi kumlazimisha mtu. Nimeshazungumza na kiwanda cha kofia. Naanza Pasaka ikipita.

Askofu: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nadhani alitaka kumfariji. Nilitamani kumpiga kwa birika.

Jadwiga: Ila huyo mtu mmoja, mimi namjua.

Akaingiza mkono wake kwenye kwapa la baba yake, akaegemea bega lake.

Jadwiga: Nilipoambiwa ni mmoja, nilitoka nje nikalia, halafu nikacheka. Nikasema baba. Nani mwingine? Nilimwekea simu ile mwenyewe. Usiku nikikosa usingizi nilikuwa nawaza, watu wote wa Buffalo wamenikataa, lakini yumo mzee mmoja, hapendi kuongea na simu, ameishika akasema ndiyo, namsikiliza. Ukweli ni kwamba hilo ndilo lililonileta nyumbani, baba. Si kiwanda.

Malec hakusema kitu. Kwa mtu mwingine tungeshangaa. Kwa Malec, Jadwiga alichukulia kuwa ndilo jibu lenyewe. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele yao, na uso wa yule mzee niliuona. Uso ule ungeufaa ule ubao wa kupigia magoti.

Jaji: Damu nzito kuliko maji.

Waya: Hasa yakiganda.

Mara Padri Cyryl akatokea kona ya soko, amebeba ndoo yake ya maji ya baraka na kinyunyizio, anaenda kubariki vikapu vya wanawake wasioweza kufika kanisani. Ni mzee, mrefu, mwenye mapafu mabovu. Sote tukasimama kumheshimu.

Padri: Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi wote: Milele na milele, amina.

Padri: Jadwiga! Afadhali nimekukuta. Nina swali limenitesa wiki kadhaa. Yule bata, walimtoa kwenye jeneza au walimzika naye?

Askofu akakiacha kikombe nusu ya njia.

Jadwiga: Hata sisi hatujui, Padri. Mwisho wake haukuandikwa.

Padri: Hasara! Nimejaribu kujitungia mwisho mwenyewe, nimeshindwa. Nilikuwa nausubiri kuliko hata chakula cha jioni.

Askofu: Padri... lakini... ilikuwa Kwaresima.

Padri: Ilikuwa Kwaresima, ndiyo.

Askofu: Na vichekesho...

Padri: Mimi niliacha tumbaku, Bronisław. Hiyo ya vichekesho nilisikia mmeipitisha ninyi wenyewe kwenye mkutano wenu. Sikuingilia. Nilisema kama wanaume wameamua kujitesa, ni vizuri, mimi ningeshindwa. Unasikia, Jadwiga? Mwandaa chakula wangu ni kiziwi, na bado alikuja kuuliza kuna nini, kwa jinsi nilivyokuwa napiga meza. Tena siku ile ile ya bata, simu ikalia. Dada mmoja, mpole kabisa, anauliza nasikiliza nini. Nikamwambia Akina Lumley, na tafadhali mwanangu kata simu upesi, bata anaingia kwenye jeneza.

Mkono wa Jadwiga ulikuwa bado kwenye kwapa la baba yake. Haukutoka. Ulisimama tu pale, kama mkono ulioahirisha kufikiri.

Padri: Walinipigia mara moja tu, lakini nilifurahi. Nikasema hapa mtaani wakipiga nyumba kumi watapata kumi, wanavyompenda huyu mtoto. Kwani ninyi hamkupigiwa?

Akatutazama mmoja mmoja, kwa wema, bila hila yoyote, na huo wema ndio ulikuwa mbaya. Jaji akatazama ziwa liliko. Waya akatazama nguzo. Askofu akavua kofia, akaivaa, akaivua. Bahati yao, mama mmoja akaita kutoka ng'ambo, Padri, siagi inayeyuka, na Padri Cyryl akatunyunyizia maji sote kwa mpigo mmoja akaenda zake.

Tulibaki na matone usoni. Hakuna aliyejifuta.

Jadwiga alikuwa hawatazami wale watatu. Kwa wale, nadhani, alikuwa ameshaelewa. Aligeuka taratibu akamtazama mzee aliyekaa ubavuni mwake.

Jadwiga: Baba? Wewe walikupigia?

Sijawahi kusikia sauti ndogo kiasi kile, wala redioni. Nikaona siwezi kuvumilia. Nikalinyanyua birika, nikalishika kwa mikono miwili ili kahawa isisikike ikicheza humo, nikasema kwa sauti ya dukani:

— Jamani, kahawa imeisha! Kila mtu kwake, nataka kufunga.

Jaji akanyanyuka haraka kama kengele ya mahakama imelia. Waya akamfuata. Askofu alikuwa ameshafika kwenye mlango wa duka la mikate.

Malec hakunyanyuka.

— Ipo, akasema. Naisikia humo ndani. Mimina, Wembe. Mmiminie na mtoto.

Nikamimina. Birika lilikuwa na zaidi ya nusu. Malec akakizungusha kikombe kwenye vile vidole vyake, na kwa muda nilidhani ndiyo basi, ameshatumia maneno yake ya wiki. Kisha akamgeukia binti yake.

— Walinipigia, akasema. Nami nilinyoosha mkono pale ukumbini, nikaogopa. Lakini yule dada nilimweka muda mrefu kwenye simu, mwanangu. Ilibidi kwanza nimalize kucheka, ndipo niweze kumwambia sisikilizi.